Usawazishaji wa upinde wa kuwindia

Usawazishaji wa upinde wa kuwindia ni kazi ya kupanga uzito wa upinde, pamoja na mishale inayobebwa nao, ili upinde usiegemee upande wowote mkononi mwa mpiga na usiyumbe mshale unapoondoka. Katika pinde za kisasa kazi hiyo hufanywa kwa fimbo zenye uzito zinazofungwa mbele au pembeni, ambazo wapiga upinde huziita stabilaiza, na kwa kuchagua mahali pa kufunga podo. Katika pinde za jadi za Tanzania ya kati, kama zile za Wahadzabe na Wasandawe, hakuna fimbo wala podo la kufungwa. Huko usawa hutafutwa katika urefu wa mti, katika namna ulivyochongwa, na katika namna mwindaji anavyoishika mishale yake ya akiba.

Makala hii inaanzia nyanda kavu za Dodoma na Singida, kwa sababu ndiko upinde unakotumika mpaka leo kutafuta chakula, kisha inafika kwenye upinde wa kapi unaouzwa madukani Marekani na Ulaya. Tatizo ni lilelile pande zote mbili.

== Sehemu za upinde ==

Upinde una mpini katikati na matawi mawili, la juu na la chini. Kamba inayounganisha ncha za matawi huitwa upote. Mshale una kigumba cha chuma au ncha ya mti mbele, wano katikati na manyoya nyuma. Mwishoni kabisa kuna mkato mdogo unaokaa juu ya upote. Chombo cha kubebea mishale ni podo, na pwani huitwa pia ziaka. Pwani upinde wenyewe una jina la zamani, uta.

Nguvu ya upinde hupimwa kwa kilo zinazohitajika kuvuta upote mpaka mwisho. Kipimo hicho kisichanganywe na uzito wa upinde ukiwekwa kwenye mizani. Upinde wa mti wenye uzito usiofika kilo moja unaweza kudai nguvu ya kilo 30 kuuvuta.

== Katika nyanda za kati za Tanzania ==

Kibaigwa ni mji mdogo wa Wilaya ya Kongwa, Mkoa wa Dodoma, kando ya barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam na Morogoro. Unajulikana kwa soko lake kubwa la mahindi, si kwa uwindaji. Wenyeji wa Kongwa ni Wagogo na Wakaguru, watu wa jembe na ng'ombe, na kijana anayelinda shamba la mtama dhidi ya ndege ana uwezekano mkubwa zaidi wa kushika kombeo au manati kuliko upinde.

Msafiri anayetoka Kibaigwa, akaupita mji wa Dodoma na kushika barabara ya Kondoa kuelekea kaskazini, hufika Wilaya ya Chemba, iliyokatwa kutoka Wilaya ya Kondoa mwaka 2012. Upande wa magharibi wa wilaya hiyo, katika maeneo ya Farkwa na Kwa Mtoro, ndiko kwenye nchi ya Wasandawe. Lugha yao ina sauti za kidoko, na zamani waliishi kwa kuwinda, kukusanya matunda na kurina asali. Leo wengi wao ni wakulima na wafugaji, lakini upinde haujasahaulika kwao.

Kaskazini zaidi, karibu na Kolo, kuna michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951. Kati ya wanyama na watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu wamo watu wenye pinde. Kwa hiyo upinde katika eneo hili ni wa kale kuliko kilimo cha mahindi, na kuliko mipaka yote ya wilaya iliyotajwa hapa.

Wahadzabe wanaishi kaskazini magharibi ya hapo, kuzunguka Ziwa Eyasi na bonde la Yaeda, katika mikoa ya Arusha, Manyara, Singida na Simiyu. Idadi yao ni kama elfu moja na zaidi kidogo, na ni sehemu tu ya hao wanaoishi kwa kutegemea zaidi uwindaji na ukusanyaji. Lugha yao pia ina vidoko, lakini wataalamu hawajaweza kuithibitishia undugu na lugha nyingine yoyote, hata Kisandawe.

== Upinde wa Wahadzabe ==

Vifaa vya Wahadzabe vimeandikwa vizuri kuliko vya wawindaji wengi wa Afrika Mashariki. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza utafiti kwao mwishoni mwa miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1970 kitabu kizima juu ya vifaa hivyo kupitia British Museum. Frank Marlowe alifuata na kitabu kingine mwaka 2010.

Upinde wao ni wa mti mmoja, bila kuunganishwa vipande. Ni mrefu: mara nyingi unalingana na kimo cha mwenyewe au unampita. Nguvu ya kuuvuta, kwa upinde wa mwanamume mzima, ni karibu kilo 30 na zaidi. Kwa kulinganisha, upinde wa wanaume katika Michezo ya Olimpiki huwa na kilo 20 hivi au zaidi kidogo. Upote hutengenezwa kwa kano za mnyama mkubwa, zikasokotwa na kuachwa zikauke.

Kila mwanamume hujitengenezea upinde wake. Mti hukatwa ukiwa mbichi, hutolewa gome, huchongwa kwa shoka na kisu, hupakwa mafuta ya mnyama, hupashwa moto na kunyooshwa au kupindwa kwa kuukaza kwenye panda ya mti uliosimama. Kisha huchongwa tena kidogo kidogo mpaka matawi yote mawili yapinde sawa. Hapo ndipo usawazishaji wa kwanza wa upinde wowote ulipo. Tawi moja likiwa gumu kuliko jingine, upote unapoachiwa huvuta upande mmoja kabla ya mwingine, mshale huondoka ukipiga kichwa juu au chini, na mpini huruka mkononi. Hakuna uzito wa kuongeza baadaye unaoweza kuponya kosa hilo. Hata mwenye upinde wa kapi wa bei kubwa huanzia papo hapo: magurudumu mawili lazima yazunguke kwa wakati mmoja kabla hajafikiria kununua stabilaiza.

Urefu nao una kazi yake. Kitu kirefu ni kigumu kukigeuza ghafla, hata kikiwa chepesi. Mtu ajaribu kushika mti wa mita mbili katikati na kuuzungusha kama usukani, kwenda na kurudi haraka. Kisha ajaribu kipande cha nusu mita chenye uzito uleule. Cha pili hugeuka bila shida, cha kwanza hubisha. Upinde mrefu hubisha hivyo hivyo unapotaka kulala upande wakati wa kulenga. Kwa maneno mengine, upinde wa Mhadzabe umebeba stabilaiza yake ndani ya matawi yake.

Ubishi huo hata hivyo ni wa upande mmoja. Upinde wa mti haubishi kabisa ukisokotwa kwa kiganja, yaani ukizunguka kama bisibisi juu ya mstari wa urefu wake, kwa kuwa uzito wote uko karibu na mstari huo. Kiganja kikikaza vibaya, mpini huzunguka kidogo na mshale hufuata. Ndiyo maana wapiga upinde wa jadi hushika mpini bila kuukamia, wakiuacha utulie kwenye uvungu kati ya kidole gumba na cha shahada.

== Mishale mkononi ==

Mwindaji wa Kihadzabe kwa kawaida hutembea na upinde na mishale kadhaa katika mkono mmoja. Anapolenga, mshale mmoja unawekwa kwenye upote na mingine inabaki imeshikwa pamoja na mpini, ikilala sambamba na upinde. Mtu aliyezoea picha za filamu, za podo lililotundikwa mgongoni, huona jambo hili kama kukosa kifaa. Kwa kazi yenyewe lina mantiki.

Kwanza, mishale iko karibu. Mnyama aliyekoswa mara nyingi husimama hatua chache mbele na kugeuka kutazama, na nafasi ya mshale wa pili ni ya sekunde chache. Pili, podo la mgongoni hukwama kwenye miiba, na vichaka vya Yaeda ni vya miiba tupu. Tatu, jambo linalohusu makala hii, uzito wa mishale hiyo unakaa ndani ya kiganja. Haupo mbele ya mkono wala pembeni yake kwa umbali wa maana, kwa hiyo hauuinamishi upinde. Na kwa kuwa mawano ni marefu na yamelala sambamba na upinde, yanaongeza kidogo ule ubishi wa kulala upande. Podo lililofungwa kwenye upinde wa kisasa linajaribu kufikia jambo hilohilo, nalo hulifikia kwa shida zaidi, kama itakavyoonekana.

Hasara yake ni vidole. Mkono unaobeba mishale mitatu au minne hauwezi kulegea kama ule unaobeba mpini peke yake, na hatari ya kuusokota upinde huongezeka. Uzoefu ndio unaoziba pengo hilo. Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa upinde mdogo akiwa bado na miaka michache na huanza kwa ndege, panya na pimbi.

Mishale yenyewe si ya aina moja. Ipo ya ncha ya mti tu, kwa ndege na wanyama wadogo; ipo ya vigumba vya chuma, ambavyo mara nyingi hufuliwa kutokana na misumari; na ipo yenye sumu kwa wanyama wakubwa. Mawano hunyooshwa kwa kupashwa moto na kukunjwa kwa meno na mikono, na manyoya hufungwa kwa kano.

== Kwa nini upinde huyumba ==

Kuna vyanzo viwili, na inafaa kuvitenganisha.

Cha kwanza ni uzito ulioko mbali na kiganja. Kila uzito hujaribu kuzungusha upinde kwa kiasi cha uzito wenyewe mara umbali wake kutoka kiganjani. Gramu 500 zilizokaa sentimita 8 upande wa kulia zina nguvu ya kuzungusha sawa na gramu 160 zilizokaa sentimita 25. Hii ni hesabu ya mizani ya dukani, wala haina siri.

Cha pili ni mitikisiko ya mwili: mapigo ya moyo, pumzi, misuli iliyochoka, na ule mshtuko wa kuachia upote. Hapa kinachosaidia ni uzito uleule uliosambazwa mbali, kwa sababu ubishi wa kitu dhidi ya kugeuzwa huenda kwa uzito mara umbali mara umbali tena. Ukiusogeza uzito mara mbili ya umbali wa awali, ubishi huongezeka mara nne. Kwa hiyo gramu 50 kwenye ncha ya fimbo ya sentimita 50 hutuliza upinde sawasawa na gramu 200 kwenye fimbo ya sentimita 25, ilhali nguvu yake ya kuinamisha upinde ni nusu tu. Mwanafunzi akishika tofauti ya hesabu hizi mbili, nusu ya maneno ya wauzaji wa stabilaiza hayatamsumbua tena.

Uzito wa kosa dogo uonekane kwa namba. Kwa umbali wa mita 25, kosa la nusu nyuzi kwenye mwelekeo wa mshale humpeleka kigumba sentimita 22 hivi kando ya mahali palipokusudiwa. Kwa swala, hiyo ni tofauti kati ya moyo na tumbo, au kati ya tumbo na hewa. Mnyama aliyepigwa tumboni hukimbia mbali, hufa polepole, na mara nyingi fisi ndiye anayemkuta kwanza.

Sauti nayo imo katika hesabu. Tuchukue mshale unaokwenda mita 50 kwa sekunde. Kufika mita 25 unahitaji nusu sekunde, na mlio wa upote unafika huko kwa sekunde 0.07 tu. Mnyama anabaki na zaidi ya sekunde 0.4 za kuchutama na kugeuka. Upinde unaotetemeka ni upinde unaopiga kelele, kwa hiyo kuutuliza si suala la shabaha peke yake.

== Stabilaiza ==

Fimbo za kutulizia upinde zilienea miongoni mwa wapiga upinde wa mashindano mwanzoni mwa miaka ya 1960, na jina linalohusishwa nazo zaidi ni la mtengenezaji wa Marekani Earl Hoyt. Ya kawaida ni bomba jembamba la kaboni au alumini lenye uzito wa chuma kwenye ncha na kipande cha mpira cha kumeza mtetemo. Hufungwa kwa skrubu mbele ya mpini, chini kidogo ya kiganja.

Kwenye mashindano ya kulenga shabaha fimbo ya mbele huwa na sentimita 70 na zaidi, na mara nyingi kuna mbili fupi zinazorudi nyuma pembeni, kushoto na kulia, ili kuzuia upinde usianguke mbele. Watazamaji wa Afrika Mashariki waliofuatilia Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016 waliuona upinde wa namna hiyo mikononi mwa Shehzana Anwar wa Kenya, ambaye pia alibeba bendera ya nchi yake katika ufunguzi. Lengo la Olimpiki liko mita 70 na lina upana wa sentimita 122. Kipo pia kitengo cha upinde mtupu, ambamo fimbo hizo haziruhusiwi. Upinde ulioondolewa upote, pamoja na uzito uliofungwa juu yake, lazima upite katika tundu la sentimita 12.2.

Mwindaji hawezi kutembea na fimbo ya sentimita 75 kichakani. Stabilaiza ya kuwindia huwa na sentimita 15 hadi 30, na kwa urefu huo faida yake ya kutuliza ni ndogo kuliko wengi wanavyoamini. Kazi yake kubwa ni mbili: kumeza mtetemo na kuvuta kitovu cha uzito mbele kidogo, ili upinde baada ya kuachiwa uelekee mbele badala ya kumrudia mpiga usoni.

Upinde wenye kapi, ambao Holless Wilbur Allen wa Missouri alipata hataza yake mwaka 1969, ndio uliofanya fimbo hizi ziwe na maana kwa wawindaji. Kapi zake hupunguza nguvu ya kushikilia upote ukishavutwa mpaka mwisho, kwa kiasi ambacho mara nyingi hufika asilimia 80. Mtu huvuta kilo 30 lakini hushikilia kilo 6. Anaweza kusubiri, akalenga kwa sekunde kumi, na katika sekunde hizo kila mtikisiko unaonekana. Mhadzabe hana nafasi hiyo. Kilo 30 zake zinabaki kilo 30 mpaka aachie, kwa hiyo huvuta, hulenga na kuachia karibu kwa tendo moja. Fimbo ya kutuliza isingemfaa kitu ila kumwongezea mzigo. Nguvu ya upote inayoukandamiza mpini kiganjani ni mara nyingi zaidi ya uzito wa upinde wenyewe, na ndiyo inayouweka mahali pake mpaka dakika ya mwisho.

Wanaosema upinde wa jadi ni wa kubahatisha kwa kuwa hauna vifaa huwa hawajazingatia jambo hilo. Mazoea mawili tofauti ya kulenga yamezaa vyombo viwili tofauti.

== Podo lililofungwa kwenye upinde ==

Podo la upinde wa kapi ni kifaa chepesi kinachoshika mishale mitatu hadi sita kwa meno ya mpira, na juu yake kuna kofia ya kufunika vigumba. Kwa mtu anayeshika upinde kwa mkono wa kushoto, hufungwa upande wa kulia wa mpini, kwa sababu mshale unapita upande wa kushoto. Likiwa na mishale yake, nusu kilo ni uzito wa kawaida.

Matatizo yake ni haya. Upinde hulalia kulia. Mpiga asiyejua huurudisha kwa kukaza kifundo cha mkono, na kukaza huko ndiko kunakousokota mpini. Mishale ikishikwa vibaya hutetemeka na kulia upote unapoachiwa. Upepo wa ubavuni hupata mahali pa kusukuma, kwa kuwa manyoya ya mishale mitano kwa pamoja ni eneo kubwa kuliko lilivyo bomba la stabilaiza.

Dawa ya kwanza ni kulisogeza podo karibu na mpini kadiri inavyowezekana. Podo lililoko sentimita 8 kando likisogezwa hadi 5, zaidi ya theluthi moja ya nguvu ya kuinamisha imeondoka bila kuongeza hata gramu moja. Dawa ya pili ni uzito upande wa kushoto: fimbo fupi inayorudi nyuma na chini, yenye gramu 160 kwa sentimita 25, inalipa deni la nusu kilo kwa sentimita 8 kama ilivyohesabiwa juu. Wengi huanza na dawa ya pili kwa sababu inauzwa dukani. Ya kwanza ni bora.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama usawa hubadilika mishale inapopungua. Hubadilika, ila kidogo. Mshale wa kuwindia wa gramu 28 ulioko sentimita 8 kando unalingana na gramu 9 kwenye ncha ya fimbo ya sentimita 25. Kinachodhuru zaidi ni kufanya mazoezi bila podo halafu kuwinda nalo. Mtu achague moja: ama podo likae kwenye upinde siku zote, mazoezini na porini, ama litolewe na kuwekwa chini kila anapofika mahali pa kuvizia.

== Namna ya kusawazisha ==

Kazi huanza upinde ukiwa na kila kitu utakachobeba: podo lililojaa, kilengeo, stabilaiza. Mshale uwe kwenye upote na mbele kuwe na kizuizi salama, kwa sababu upote haupaswi kamwe kuachiwa mtupu. Nguvu isiyokwenda kwenye mshale hurudi kwenye matawi na inaweza kuyapasua.

Mpiga hufumba macho, huvuta mpaka mwisho, hutulia kwa pumzi moja, kisha hufumbua na kutazama pima maji ndogo iliyoko kwenye kilengeo. Povu likiwa katikati, upande na upande viko sawa. Likiwa kando, uzito unaongezwa upande ulio mwepesi, gramu 30 kwa wakati, na jaribio linarudiwa. Kufumba macho ni muhimu, maana jicho likiona povu mkono hurekebisha bila mwenyewe kujua, na kasoro hujificha.

Usawa wa mbele na nyuma huonekana wakati wa kulenga. Nukta ya kulengea ikiwa inashuka chini ya shabaha kila mara, mbele ni pazito mno au mkono umechoka. Ikicheza upesi upesi huku na huku bila kutulia, upinde ni mwepesi mno kwenye ncha ya fimbo. Marekebisho ya maana hufanywa baada ya mishale mingi, siyo mitatu, na siku tofauti, kwa kuwa mkono wa asubuhi si mkono wa jioni.

Kwa upinde wa mti hakuna pima maji. Upinde huwekwa juu ya kidole mahali pa mpini ili kuona kama tawi moja linaangukia, kisha huvutwa taratibu mbele ya mtu wa pili anayetazama kama matawi yanachora mviringo mmoja. Kisu kinafanya yaliyobaki, upande wa tumbo la tawi gumu, na kwa subira, maana mti ulioondolewa haurudishwi.

== Sumu na kofia ya podo ==

Wahadzabe hutumia sumu za mimea miwili zaidi ya mingine: Adenium obesum, wanayoiita panjube, na Strophanthus eminii, wanayoiita shanjo. Zote mbili zina kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo. Nyama ya mnyama aliyekufa kwa sumu hiyo huliwa baada ya kukatwa sehemu iliyozunguka jeraha. Mmea wa jamaa ya huo wa pili, Strophanthus kombe, uliingia katika tiba ya moyo ya Ulaya kupitia John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea wa safari ya Livingstone ya mto Zambezi (1858-1864), aliyegundua mapigo yake yamebadilika baada ya mswaki wake kuchafuliwa na sumu ya mishale. Baadaye Kirk alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar.

Mtu anayebeba mishale ya namna hiyo kiganjani hawezi kuiacha wazi. Kigumba chenye sumu huzungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi, unaofunguliwa pale tu mshale unapotarajiwa kutumika. Ukanda huo huzuia sumu isikauke na kumomonyoka, na hulinda ngozi ya mwindaji. Kofia ya podo la kisasa, inayofunika vigumba vyenye makali ya wembe, hufanya kazi ya pili kati ya hizo. Podo lisilo na kofia kwenye upinde halipaswi kubebwa hata kwa safari ya dakika tano.

== Sheria na hali ya sasa ==

Nchini Tanzania kuwinda mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kutumia silaha yenye sumu ni miongoni mwa njia zinazokatazwa. Mapori ya akiba, kama Swagaswaga lililo jirani na nchi ya Wasandawe, yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Mkulima wa Chemba anayetoka na upinde wake kwenda kutafuta kitoweo, kama baba yake alivyofanya, anaweza kurudi akiwa mshtakiwa.

Kenya ilipitia jambo hilo mapema zaidi. Waata wa eneo la Tsavo, ambao pia huitwa Waliangulu, waliwinda tembo kwa mishale ya sumu na kwa pinde zilizodai zaidi ya kilo 45 kuzivuta, kati ya pinde ngumu kuliko zote zilizopimwa duniani. Katika kampeni ya miaka ya 1956 na 1957 iliyoendeshwa na David Sheldrick, Bill Woodley na wenzao, wawindaji wao walikamatwa na kufungwa. Mradi wa Galana ulioanzishwa baadaye ili wawinde kwa utaratibu haukudumu. Pinde zao leo ziko zaidi kwenye makumbusho na kwa wakusanyaji.

Wahadzabe wako katika hali tofauti kidogo, kwa kuwa uwindaji wao wa kujikimu umekuwa ukivumiliwa. Tishio lao kubwa ni ardhi. Mashamba na mifugo vimeingia katika bonde la Yaeda na kando ya Eyasi, na wanyama wakubwa wamepungua. Mwaka 2007 mpango wa kuipa kampuni yenye wateja kutoka Falme za Kiarabu eneo la uwindaji huko Yaeda ulizua malalamiko na kampuni ikajiondoa. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde hilo walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja juu ya sehemu ya ardhi yao, jambo lililokuwa jipya Tanzania kwa jamii ya wawindaji.

Ndani ya eneo hilo pinde bado zinachongwa. Mawindo ya siku nyingi ni ya wanyama wadogo na ndege, na mishale mingi inayoonekana mkononi mwa mwindaji ni ile ya ncha ya mti. Upinde wa kapi, kwa upande wake, umekubaliwa kuingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 2028, katika mashindano ya timu mchanganyiko ya mwanamke na mwanamume.